Kuzaliwa mara ya pili katika masikio ya mwanakijiji wa Thailand

SWALI: Mimi ni mwinjilisti kutoka Iringa, na ninajiandaa kujiunga na timu ya wamisionari katika vijiji vya mkoa wa Phayao, kaskazini mwa Thailand. Nimeshika kwa moyo Yohana 3:3 na 3:16 kwa Kithai, lakini mwalimu wangu wa lugha, ambaye ni Mthai, ananiambia kwamba wanakijiji wakinisikia nikihubiri kuzaliwa upya na uzima wa milele hawataona kuwa nimewaletea habari njema. Je, kosa ni la tafsiri? Na kama ndivyo, tunaruhusiwa kutafuta maneno mengine?

JIBU: Ndugu mwinjilisti, mwalimu wako amekuambia kweli, ila kosa si la tafsiri. Biblia ya Kithai hutumia bangkoet mai, na maneno hayo yanasema sawasawa kile unachokusudia, yaani kuzaliwa upya. Tatizo ni kwamba kwa Mbudha wa Theravada, tawi la Ubudha linalofuatwa Thailand, kuzaliwa upya ndiyo shida yenyewe anayotaka kuondokana nayo. Mtu huzaliwa, huzeeka, huugua, hufa na kuzaliwa tena kwa kadiri ya kam, yaani matendo yake na matokeo yake, na tumaini la mwisho ni kutoka katika mzunguko huo. Ukimwambia kwamba asipozaliwa tena hatauona ufalme wa Mungu, atakujibu kwa upole kwamba kuzaliwa tena atazaliwa tu, apende asipende. Ukiongeza kwamba atapewa uzima usio na mwisho, umemwahidi mateso yasiyo na mwisho.

Sisi tuliokulia katika Biblia ya Kiswahili isemayo “Mtu asipozaliwa mara ya pili” hatuhisi ugumu huo, kwa kuwa hakuna anayesubiri kuzaliwa mara ya kumi. Lakini neno la Kigiriki katika mstari huo, anothen, lina maana mbili: “tena” na “kutoka juu”. Nikodemo alishika ile ya kwanza akauliza habari za kurudi tumboni mwa mama yake. Kwa hiyo unapofika hapo, soma sura yote, usikate mstari mmoja, na uegemee “kutoka juu” katika maelezo yako. Mwanakijiji atamwelewa Nikodemo haraka kuliko tunavyomwelewa sisi.

Maneno mengine yatakusumbua zaidi, maana hayatoi dalili kwamba yamepotoka. Dhambi ni bap, neno lililotoka Kipali, lugha ya maandiko ya Theravada, ambalo hesabu yake hupunguzwa kwa bun, yaani thawabu ya kutenda mema na kuwapa watawa chakula. Kwa hiyo msikilizaji husikia habari za deni analoweza kulilipa mwenyewe, wala hasikii kwamba yupo aliyekosewa. Roho katika “Roho Mtakatifu” ni winyan, na katika mazungumzo ya kila siku winyan ni mzuka wa marehemu. Hata neno la Mungu, Phra Chao, linahitaji uangalifu katika mkoa unaokwenda, kwa sababu watu wa kaskazini huziita sanamu za Buddha kwa neno hilohilo. Sanamu kubwa ya Phayao, iliyoko katika hekalu la Si Khom Kham kando ya ziwa, jina lake ni Phra Chao Ton Luang. Ukisema “Phra Chao anakupenda” karibu na ziwa lile bila kueleza lolote, mzee wa hapo ana haki ya kufikiri kwamba unaizungumzia hiyo.

Kisha kuna msalaba. Anayekufa kwa kuuawa au kwa ajali huitwa tai hong, aliyekufa kifo kibaya, na mzuka wake huogopwa kuliko mizuka yote. Tena kifo cha namna hiyo hudhaniwa kuwa tunda la kam mbaya ya maisha yaliyopita. Mhubiri anayeanza na mtu aliyeangikwa mtini, akaendelea kusema kwamba winyan yake ipo pamoja nasi sasa, anaweza kuwatisha watoto bila kujua. Nikiulizwa jambo moja ambalo mafunzo ya wamisionari huligusa juujuu mno, nitataja hili kabla ya yote.

Lipo pia suala la lugha ya kifalme, ratchasap. Kithai kina maneno ya pekee kwa ajili ya wafalme, na Biblia humvika Yesu maneno hayo: hasemi kama watu wasemavyo, bali trat, mkono wake ni phra-hat. Heshima hiyo inafaa, na Wakristo wa Kithai wangeudhika ukiiondoa, lakini mwana wa seremala anaonekana kama mtu wa ikulu tangu ukurasa wa kwanza. Unaposimulia kwa mdomo, eleza alikokulia na kazi aliyoifanya, ili ufukara wake usimezwe na sarufi.

Sasa, je, mtafute maneno mengine? Ushauri wangu ni hapana. Neno la kubuni halieleweki na mtu yeyote, na neno la kigeni huthibitisha kile wanakijiji wengi wanachokisema tayari, kwamba hii ni dini ya farang, yaani wazungu. Tena maneno yaliyopo si yako. Waprotestanti walianza kazi Bangkok mwaka 1828, na Wakatoliki walitangulia Ayutthaya, mji mkuu wa zamani, tangu karne ya 16. Kanisa la wenyeji limesali kwa maneno haya kwa vizazi, na mgeni wa miezi sita hana mamlaka ya kuyabadili. Dhambi, sala, imani na malaika viliingia Kiswahili kutoka Kiarabu kwa njia ya Uislamu, na mafundisho ya miaka mingi ndiyo yaliyoyajaza maana ambayo Mkristo wa Iringa anaijua leo.

Kinachobadilika ni mpangilio wa mafundisho. Anza na Mwanzo 1, kwa kuwa Ubudha wa Theravada hauna Muumba, na bila Muumba neno bap halina wa kumkosea. Historia ya kaskazini inaunga mkono jambo hili. Daniel McGilvary alifungua misheni Chiang Mai mwaka 1867, na mtu wa kwanza kubatizwa, Nan Inta, alikuwa msomi aliyewahi kuwa mtawa. Kilichomtikisa ni kupatwa kwa jua tarehe 18 Agosti 1868, ambako McGilvary alikuwa amemtabiria mapema, ilhali mafundisho ya zamani yalisema jua humezwa na zimwi liitwalo Rahu. Mazungumzo yao yalianzia kwenye ulimwengu na aliyeuumba, na ubatizo ulifuata Januari 1869. (Tusilitie chumvi tukio hilo: Mfalme Mongkut alikuwa amekokotoa mwenyewe kupatwa kulekule, akaenda kukutazama, akabaki Mbudha.)

Pili, pima kila fundisho. Usiulize “Mmeelewa?”, kwa sababu adabu ya kreng chai, kuchelea kumtia mwenzako aibu au usumbufu, itakupatia “ndiyo” kila mara. Mwombe msikilizaji amsimulie jirani ambaye hakuwepo, na mtu wa tatu akueleze jirani alichosikia. Sisi washauri wa tafsiri hufanya hivyo kwa kila kitabu cha Biblia, na mara nyingi aya tuliyoiona safi hurudi ikiwa imegeuka kabisa.

Tatu, uliza wazee wa kanisa kuhusu phi, mizimu. Katika karne ya 19 watu wa kaskazini walioshutumiwa kubeba phi ka, aina ya mzimu mbaya, walifukuzwa vijijini, na baadhi yao walipata hifadhi kwa wamisionari. Wazao wa watu kama hao hawakuhitaji kamusi ili waelewe neno “kukombolewa”, na maelezo yao yatakufaa kuliko yangu. Yohana 3:16 iweke akiba mpaka wasikilizaji wako waweze kukusimulia, kwa maneno yao, Mungu huyo ni nani na ulimwengu ni wa nani.