Anwani ya kompyuta ikibadilika, skripti yako itajuaje?

Kompyuta nyingi zinaishi kwenye anwani za kupanga, yaani namba ya IP inayozitambulisha mtandaoni si mali yao. Ikiwaka, kompyuta inaomba anwani mtandaoni, seva ya DHCP inaipa moja kwa muda maalumu, na nusu ya muda huo ikipita inaomba kuongezewa. Kwa kawaida inaongezewa ileile. Miezi inakwenda, namba haibadiliki, na mwenye kompyuta anaanza kuichukulia kama yake.

Mimi nilikuwa na kompyuta ndogo isiyo na skrini, kazi yake kupokea nakala za faili kila usiku. Huduma ya kupokea niliifunga kwenye anwani moja tu, tuiite 192.0.2.14, na sheria za faiawoli, ukuta wa kuchuja wanaoingia, nikaziandika kwa anwani hiyohiyo. Siku moja umeme ukakatika. Ruta ikawaka ikiwa imewasahau wapangaji wake wote, ikagawa namba upya. Kompyuta yangu ilikuwa hai na mtandao ulikuwepo, ila huduma ilikuwa inasubiri wageni kwenye nyumba iliyokwisha hamwa. Nilikuja kujua baada ya siku 11, nilipotafuta faili niliyoihitaji sana nikakuta nakala ya mwisho ni ya kabla ya umeme kukatika.

Kama ruta ni yako, iandikishe kompyuta ipewe namba ileile siku zote. Hiyo ndiyo dawa ya kwanza. Yangu haikuwa mikononi mwangu, kwa hiyo nilihitaji skripti, yaani faili ya amri, inayoamka anwani inapobadilika.

Kabla hujaandika hata mstari mmoja, jua ni programu gani inayoomba anwani kwenye kompyuta yako. Hapa ndipo watu wengi wanapoteza siku nzima. Mwongozo unakwambia weka skripti ndani ya /etc/dhcp/dhclient-exit-hooks.d, unaweka, na hakuna kinachotokea, kwa sababu saraka hiyo ni ya dhclient, programu mojawapo ya kuomba anwani kwenye Linux, na kompyuta yako inatumia NetworkManager, programu nyingine, ambayo kwa kawaida inaomba anwani kwa njia yake ya ndani bila kumgusa dhclient. Skripti za NetworkManager zinakaa /etc/NetworkManager/dispatcher.d. Ziwe mali ya root, mtumiaji mkuu wa mfumo, ziwe na ruhusa ya kuendeshwa, na mtu mwingine asiwe na ruhusa ya kuziandika, vinginevyo zinarukwa. Zinapoitwa hupewa jina la kadi ya mtandao kwanza, kisha jina la tukio, kama up au dhcp4-change.

Kwangu ilikuwa Debian, aina mojawapo ya Linux, yenye dhclient, na makosa yangu mawili ya mwanzo yalikuwa madogo ila yaliniumiza. La kwanza ni jina. Niliita faili yangu anwani.sh. Kwenye Debian, jina lenye nukta halisomwi kabisa kwenye saraka hizo, wala huambiwi kitu. Nilipoiita anwani tu, ikafanya kazi. La pili ni neno exit. Nina mazoea ya kumaliza skripti kwa exit 0, lakini skripti za hapa haziendeshwi pembeni: zinasomwa ndani ya skripti kuu ya dhclient. Ukiandika exit umemfunga mwenyeji wako. Kwa kuwa niliiweka upande wa enter-hooks, saraka ya skripti zinazosomwa mwanzoni, skripti kuu ilikatika kabla ya kuipa kadi anwani yake mpya.

Kosa la tatu ndilo lililonifundisha kazi hii. Skripti ilikuwa inaiwasha upya huduma kila inapoitwa. Ilionekana sawa, ila nakala kubwa zikawa hazimaliziki, zinakatika katikati ya usiku, tena na tena. Nikafungua logi mbili kando kwa kando. Kila kilipokatika kitu upande wa huduma, upande wa dhclient kulikuwa na neno RENEW, yaani kuongezewa muda, sekunde hiyohiyo. Muda wa kupanga ulikuwa saa 2, kwa hiyo karibu kila saa kompyuta iliomba kuongezewa, ikapewa namba ileile, na skripti yangu ikaiangusha huduma bila sababu yoyote.

Tukio la DHCP si badiliko la anwani. Dhclient anaweka sababu ya kuitwa kwenye $reason, na pia anakupa $old_ip_address na $new_ip_address, kwa hiyo unashawishika kuzilinganisha hizo mbili na kumaliza. Hazitoshi. Kompyuta ikianza upya na kupata anwani ngeni, sababu ni BOUND, yaani imepewa anwani upya, na anwani ya zamani ni tupu, na hilo ndilo tukio lililoniponza mimi. Weka kumbukumbu yako mwenyewe kwenye faili:

case "$reason" in
  BOUND|RENEW|REBIND|REBOOT)
    zamani=$(cat /var/lib/anwani-ya-mwisho 2>/dev/null)
    if [ "$new_ip_address" != "$zamani" ]; then
      /usr/local/sbin/hamisha-huduma "$new_ip_address" &
    fi
    ;;
esac

Hiyo faili haiandikwi hapa. Inaandikwa na hamisha-huduma, skripti yangu ya pili inayoipeleka huduma kwenye anwani mpya, mwishoni kabisa, baada ya kuhakikisha kwamba huduma inasikiliza kwenye anwani mpya. Ikishindwa katikati, anwani ya mwisho inabaki ya zamani, na RENEW inayofuata inajaribu tena yenyewe. Ndani ya hamisha-huduma niliweka pia flock, amri ya kufuli, ili zisiendeshwe mbili kwa wakati mmoja. Ile alama ya & nayo ina kazi, inaiacha amri iendelee pembeni: bila hiyo, dhclient anakaa akikusubiri.

Zitie alama za nukuu thamani zote zinazotoka kwenye DHCP, na uhakikishe zinafanana na anwani kabla ya kuzitumia. Zimetoka mtandaoni, na skripti yako inaendeshwa na root. Septemba 2014 kasoro ya bash, programu inayosoma na kuendesha amri, iliyoitwa Shellshock ilipotangazwa, DHCP ilikuwa mojawapo ya njia za kuitumia: seva yenye nia mbaya iliweza kupenyeza amri ndani ya thamani hizohizo.

Wanaotumia systemd-networkd, programu nyingine tena ya kuomba anwani, hawana saraka ya skripti ya kujengewa. Ipo programu ya networkd-dispatcher, lakini hiyo inafuata hali ya kadi, na anwani inaweza kubadilika huku hali ikibaki routable, yaani imeunganishwa. Kwa hao ningependekeza huduma ndogo inayosoma matokeo ya ip -4 monitor address. Inasikiliza keneli yenyewe, kiini cha mfumo, kwa hiyo haijali nani ameomba anwani. Kanuni ya kulinganisha na faili inabaki ileile.

Kama unachofuatilia ni anwani ya nje, ile ambayo intaneti inaiona, na ruta ndiyo inayoishika, skripti yoyote ya kwenye kompyuta yako haitaamka, maana ya ndani haijabadilika. Hapo tumia cron, kiratibu cha kazi za saa maalumu, ya kuuliza kila baada ya dakika kadhaa, au ifanye ruta yenyewe itoe taarifa. Mimi cron ninayo hata sasa, mara moja kwa saa, inalinganisha anwani ya kadi na ile ya kwenye faili na kunitumia barua pepe zikitofautiana.

Halafu ijaribu. Andika namba ya uongo kwenye faili ya anwani ya mwisho, toa amri ya dhclient -r kuirudisha anwani, kisha omba upya, huku ukisoma logi. Fanya hivyo ukiwa umekaa mbele ya kompyuta yenyewe na kibodi imechomekwa. Ukiwa umeingia kwa mbali kupitia SSH, amri ya kwanza itakukatia njia kabla hujaandika ya pili.