Akiba au Ukarimu?

SWALI: Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza karanga na mlenda mkavu katika Soko la Majengo, Dodoma. Hivi karibuni katika kikao cha VICOBA, kikundi chetu cha kuweka akiba na kukopeshana, tuliulizana kila mmoja angechagua lipi, kuweka akiba au kusaidia ndugu, kama asingeruhusiwa yote mawili. Nilijibu akiba. Tangu hapo baadhi ya wenzangu wananiona mchoyo, na mume wangu naye amecheka tu. Je, nilikosea?
Msomaji, Nzuguni

JIBU: Dada yangu, hukukosea, na kama ningekuwapo kikaoni ningejibu kama wewe. Mkazi wa Dodoma anaweza kulisema hilo bila aibu, kwa kuwa mvua zetu ni za msimu mmoja, takriban kuanzia Desemba hadi Aprili, na miezi yote inayobaki tunaishi kwa kile kilichovunwa kikahifadhiwa. Mgeni aliyebisha hodi mwezi wa Novemba alilishwa mtama na uwele uliokuwa bado kihengeni, ilhali aliyemaliza vyake mapema alilazimika kwenda kuhemea kwa wengine. Wazee wa Ugogo walisimulia njaa ya Mtunya, ya mwaka 1917 hadi 1920, wakati majeshi ya vita yalipochukua nafaka na mifugo, kisha mvua nazo zikakosekana. Wakati huo hata mkarimu hakuwa na cha kutoa.

Wengi hulikwepa swali la namna hii kwa kujibu kwamba watafanya yote mawili, nami naliona jibu hilo kuwa jepesi mno. Shilingi elfu kumi uliyobaki nayo Jumamosi jioni, baada ya kukunja turubai lako, haiwezi kununua hisa za kikundi na papo hapo kumtibu mtoto wa ndugu yako aliyelazwa. Siku hiyo huna budi kuchagua, na kwa maoni yangu mgonjwa atangulie. Mchango wa sare za harusi usubiri.

Linalonisumbua zaidi ni jambo ambalo kikundi chenu hakikuliuliza. Sisi tunaopenda akiba tumezoea kumjibu ndugu kwamba hatuna, ilhali fedha zipo, na ndugu huyo anapokuja kuona bati jipya juu ya nyumba yetu, kinachomuuma ni kudanganywa kuliko kunyimwa. Ningelazimishwa kuchagua kati ya kumwambia "sina" na kumwambia "ninazo, lakini ni za kununulia mzigo wa mwezi ujao", ningechagua hilo la pili na kuvumilia manung'uniko yake.

Njia ya kulifanya hili liwezekane mnayo tayari kikundini. Katika lile sanduku la kufuli tatu, fedha za hisa hukaa mbali na mfuko wa jamii, ambao hutolewa mwanachama anapougua au kufiwa, wala hakuna anayemwita mwenzake mchoyo kwa kutogusa hisa. Nyumbani pia tenga fungu la ndugu mwanzoni mwa mwezi, kabla simu hazijaanza kuingia. Anayekuja na shida ya kweli mpe kutoka humo, na likiisha mwambie limekwisha, utakuwa umesema kweli. Kiasi chake kipange pamoja na mumeo, kwa sababu watakaokuja ni ndugu wa pande zote mbili.