Maswali ya magari ya zamani: pedeli ya mafuta isiyorudi

Nina Volkswagen Beetle ya 1968. Nikikanyaga mafuta hadi chini, pedeli hairudi. Fundi amefunga kipande cha tyubu ya baiskeli kuisaidia springi. Nitafute springi ngumu zaidi? (Mabatini)

Kata hiyo tyubu leo. Mpira hulegea kwa joto la injini na huharibika ukidondokewa na petroli. Nimeshaliandika hili mara nyingi: tafuteni kwanza panaponasa, springi baadaye.

Zima injini. Chomoa waya unaotoka kwenye pedeli pale unaposhika mkono wa kabureta, usukume mkono kwa kidole hadi mwisho, kisha uuachie taratibu. Ukirudi wenyewe mpaka mwisho, kabureta iache. Kosa liko kwenye waya au pedeli. Waya wa Beetle unatoka mbele, unapita chini katikati ya gari hadi injini ya nyuma. Uzi mmoja uliochomoza unatosha kunasa, na waya uliochanika haufungwifungwi, unabadilishwa. Tazama pia kapeti lililojikunja.

Mkono ukikwama hata bila waya, kuna gundi ya petroli iliyolala au kipepeo (kibamba kinachofungua na kufunga njia ya hewa ndani ya kabureta) kimekaa upande. Safisha kwa dawa ya kabureta na brashi. Kipepeo kikigusa ukuta, legeza kwanza skrubu ya sailensa (mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta), kisha zile mbili za kipepeo. Kifunge kabisa kijipange, ndipo ukaze. Ncha za skrubu hizo mbili hupanuliwa makusudi zisifunguke. Ukizifungua weka mpya, uzipanue hivyohivyo, maana skrubu ikichomoka inaingia kwenye injini.

Nimimine oili kwenye waya? (Igoma)

Hapana. Oili ikichanganyika na vumbi lenu inakuwa msasa.

Land Rover Series III yangu hushika mafuta (huendelea kuvuta hata nikiachia pedeli) nikipanda mlima tu. Waya mpya nitaupata wapi? (Sengerema)

Huupati, kwa sababu gari hilo halina waya. Pedeli na kabureta vimeunganishwa kwa vyuma. Angalia injini mauntingi (kishikizo kinachoifunga injini kwenye fremu). Ikikatika, injini inanyanyuka inapobeba mzigo na kuvivuta vyuma hivyo. Usikubali fundi aanze kufungua kabureta kwa kuwa tu iko karibu na mkono. Utalipia kazi usiyoihitaji.

Likishika mafuta barabarani nifanyeje? (Isamilo)

Kanyaga klachi. Injini itapiga resi, iache. Kanyaga breki mara moja kwa nguvu bila kupampu, kwani servo (kifaa kinachoongeza nguvu ya breki), kama ipo, huishiwa msaada kipepeo kikiwa wazi. Toka pembeni, simama, zima. Ukilazimika kuzima likitembea, usichomoe ufunguo: usukani unaweza kujifunga. Usiiname kuvuta pedeli kwa mkono.

Na tafadhali, usiliendeshe hadi gereji. Miteremko ya mji huu wa Mwanza ina watoto wanaovuka kwenda shule. Mlete fundi lilipo, au livutwe.

Shafti ya kipepeo inakaza. Niisugue kwa msasa? (Kirumba)

Usithubutu. Utaipunguza unene, hewa ya wizi itaingia pembeni mwa shafti na sailensa haitatulia tena. Isafishe. Ikiwa imelika na inacheza, mpelekee mchonga vyuma aiwekee bushi (kipete cha chuma cha kuishikilia).