Wadhamini kwenye CV, uweke au uache?

Umeuliza kama wadhamini (referees, yaani watu wa kuulizwa habari zako za kazi) ni lazima kwenye CV na kama bosi wako wa sasa anafaa. Aisee tangazo la kazi likisema watatu weka watatu, usibishane nalo. Lisiposema kitu acha, hiyo nafasi itumie kueleza ulichofanya kazini, na ule mstari wa "wadhamini watapatikana wakihitajika" futa tu, wakiwataka si watakuomba.

Bosi wa sasa mi nisingemgusa kabla ya kupewa ofa, ajue unahama kwa kupigiwa simu na watu baki?? Tafuta supavaiza wa zamani au mtu mliyefanya naye kazi kwa karibu, ndugu hapana. Ila kubwa zaidi ni umwombe ruhusa KWANZA, umtumie tangazo na CV yenyewe unayotuma na umkumbushe mambo mawili matatu uliyofanya chini yake, maana mtu akipigiwa ghafla yuko barabarani utasikia "nani? aah yule... alikuwa kijana mzuri tu", hapo umeisha. Cheki pia namba yake inapatikana na imeili sio ya ofisi aliyoshaacha zamani, hii inaangusha wengi.

CV yenyewe kurasa mbili zinatosha, kazi ya karibuni juu, dini na ndoa toa kama hawajauliza. Tuma PDF, na faili lipe jina lako jamani sio "CV mpya mwisho kabisa 3".