Estradioli kesho? Mwageni kwanza hayo maji mekundu

Simamisha hiyo kazi, mdogo wangu. Umeandika kwamba kesho labo yenu hapo Lubumbashi inatia estradioli (homoni ya kike, aina ya estrojeni) kwenye seli za ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi, zikiwa katika maji ya kukuzia yenye fenoli nyekundu (rangi inayoonyesha asidi ya maji) na serumu ya kawaida ya ndama (majimaji ya damu yake), asilimia 10. Halafu unauliza dozi, namna ya kugandisha seli, na hadubini gani mnunue. Hadubini ya kutazama nini?

Fenoli nyekundu inaamsha vipokezi vya estrojeni, yaani sehemu za seli zinazoipokea homoni hiyo. Jambo hilo linajulikana tangu 1986. Serumu ya ndama nayo inakuja na estradioli yake. Kwa hiyo kile kisima chako (kishimo cha sahani ya seli) "kisicho na homoni" kinayo tayari: vipokezi vya projesteroni, ambavyo estradioli huvipandisha, vimeshapanda, unaongeza estradioli, hakuna kinachobadilika, unaandika kwamba homoni haina kazi. Unapima chumvi kwenye sombe ambayo mama ameshaitia. Na huyo muuzaji aliyewaapia kwamba maji yake "yanafaa kwa seli zote" amekula falanga zenu bure. Yanafaa kukuza. Kupima homoni, hapana!

Kuzeni humo kwenye maji mekundu mpaka seli zifunike asilimia 80 ya kisima. Osheni mara 2, kisha ziacheni saa 24 katika maji yasiyo na fenoli, yenye asilimia 2 ya serumu iliyochujwa kwa makaa. Zitazubaa, maana makaa yanaondoa hata vinavyozikuza. Msizionee huruma mkarudisha serumu ya zamani. Rangi haitakuwepo kuwaonya kwamba asidi ya maji imebadilika umeme ukikatika, basi chungeni kipimo cha gesi kwenye kabati la kukuzia seli.

Estradioli miligramu 2.72 katika mililita 1 ya ethanoli, ipunguzeni mara 1,000 kwa ethanoli ileile, halafu mikrolita 1 kwa kila mililita ya maji: mmepata nanomola 10 kwa lita. Siku 2 hivyo, ndipo projestini yenu iingie, ile medroksiprojesteroni (dawa inayoiga projesteroni), nayo ikiwa katika ethanoli, mikrolita 1 kwa mililita. Kisima chenye homoni mbili kimekunywa mikrolita 2 za ethanoli. Kisicho na homoni kipewe 2 pia, chenye estradioli peke yake kiongezewe 1. Bila hivyo mnapima pombe.

Na mama aliyetoa kipande cha nyama mlichopatia seli hizo, mlimuuliza kama anachoma sindano ya uzazi wa mpango? Ile ya miezi 3 ni medroksiprojesteroni, dawa ileile mnayotaka kujaribu.