Kabla hujaandika kuhusu nyumbani, mpigie simu aliyebaki

Mkuu futa hiyo sentensi. Ile uliyoandika kwamba "nakumbuka kila kitu kama jana, sihitaji kumuuliza mtu". Nimesoma uzi wako wa kuomba ushauri wa kuandika makala za mtandaoni kuhusu nyumbani mpaka mwisho, umeuliza uanze na utoto au uanze na safari, utumie jina lako au la kubuni, makala iwe ndefu kiasi gani, picha uweke au usiweke, yote maswali ya maana, ila mimi nimekwama hapo kwenye kutomuuliza mtu. Salamu tutapeana baadaye.

Na mimi naishi mbali na kwetu miaka mingi na nilianza hivyohivyo, usiku, usingizi umekataa, nikaandika kuhusu mlango wa nyuma uliokuwa unalia baba akirudi jioni, ngazi zilizolika katikati, kiti chake kando ya dirisha. Nikarusha. Wasomaji wakamiminika. Wengi wao nao wako mbali na kwao, kila mtu akasikia mlango wa kwao kwenye mlango wangu, mtu anakuandikia "hii umeniandikia mimi" wakati hata hamjuani. Aisee hiyo kitu inalevya, nilikuwa naamka saa tisa usiku kuangalia koment kama kuna mpya. Na taratibu bila kujijua nikaanza kuwaandalia wanachokipenda. Nikiandika kitu cha kuchekesha kuhusu nyumbani wanapita wawili watatu, nikiandika huzuni wanajaa. Basi nyumbani kwetu kukawa kunazidi huzuni kila wiki. Mlango uliokuwa unalia kidogo ukaanza kuomboleza. Kiti cha baba kikaota vumbi. Hilo vumbi nililitoa wapi? Sikuwa nimekiona kile kiti miaka na miaka, kingeweza kuwa kimeshapigwa vanishi mara ngapi sijui.

Sasa sikiliza. Siku moja nikaandika makala ambayo mpaka leo ndiyo iliyosomwa kuliko zote, na ndani yake kuna maneno haya: "Nyumba yetu sasa ni tupu. Hakuna anayefungua madirisha."

Mkuu, dada yangu mkubwa anaishi kwenye hiyo nyumba.

Hajawahi kuhama. Ndiye aliyemuuguza mama mpaka mwisho mimi nikiwa natuma hela na pole. Ndiye anayefungua hayo madirisha kila asubuhi, yote, hata la chumba changu ambalo komeo lilikatika akawa analishikiza kwa waya. Na usidhani nilikuwa nimesahau, tulikuwa tunaongea kwenye simu mara kwa mara tu, ananiambia habari za bomba kupasuka na mimi namwambia habari za baridi. Nilijua fika yupo. Ila kwenye makala hakukaa vizuri, ukishamweka mtu ndani ya nyumba upweke unaharibika, unabaki na nyumba ya kawaida yenye mtu anafua nguo. Kwa hiyo nikamtoa. Yani ilikuwa kazi ndogo sana kumtoa, hata sikufuta mstari, sikumwandika tu.

Wasomaji wakalia. Halafu mmoja akaja na wazo kwamba nyumba ya kumbukumbu kama hii haifai kuachwa ianguke, tuchangishane itengenezwe. Na mimi badala ya kusema jamani ngojeni, nikaandika "nimekosa la kusema". Ni kweli nilikuwa nimekosa la kusema, tungeishia hapo nisingekuwa naandika huu mkeka. Michango ikaanza. Msomaji mwingine, wala sio mtu mbaya, alikuwa na safari ya kupita maeneo yale akasema atafika apige picha ili watu waone hali ilivyo. Akafika. Akakuta kamba imejaa nguo, madirisha wazi yote, akabisha hodi kwa wasiwasi. Dada akafungua mikono ikiwa na povu mpaka kwenye viwiko. Yule bwana akamuuliza, samahani mama, wewe ndo mlinzi wa hapa?

Dada akamuuliza kwani vipi. Akaonyeshwa simu. Akaisoma makala yote pale mlangoni kasimama, pamoja na koment, na orodha ya waliochangia.

Jioni akanipigia. Nilijiandaa kutukanwa, ningetukanwa ingekuwa nafuu. Akasema, "Mdogo wangu, umeandika vizuri. Hivi mimi nilikufa lini?"

Nikaanza kumweleza habari za fasihi. Eti fasihi! Usiombe ukasikia ukimya wa mtu mliyelala naye mkeka mmoja ukimweleza kwamba hukumtaja kwa sababu za kifasihi. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa, akaaga kwa adabu, na tangu hapo simu zangu hapokei. Habari za nyumbani sasa napewa na binamu, fupifupi kama utabiri wa hali ya hewa. Paa limebadilishwa, sikuulizwa rangi. Mpwa wangu ameolewa, kadi ya mualiko ilikuja na majina yangu kamili kama mgeni wa ofisini kwao, ila angalau hawakukosea herufi, tushukuru. Michango ikabidi irudishwe kwa mmoja mmoja na kuna watu mpaka leo wananiita tapeli, na siwezi kuwalaumu sana.

Kuna mtu mmoja nina hasira naye na naomba mniache niseme. Nilisoma kozi ya uandishi, nimelipia kwa hela yangu, na mwalimu akatufundisha kwamba kumbukumbu yako ndiyo ukweli wako, usipige simu nyumbani kuuliza, ukiuliza unaua hisia. Darasa zima tukaandika kwenye madaftari. Nikaja kugundua baadaye yeye mwenyewe anaishi nyumba inayopakana na ya wazazi wake, yani akitaka kukumbuka anachungulia dirishani. Na nyie wasomaji mnaokoment "usibadilishe hata neno", mnamponza mtu, nyie mkimaliza kulia mnahamia kwenye video ya paka.

Baada ya lile sekeseke nikaingia kusoma habari za kumbukumbu, nia yangu nipate utetezi nimpelekee dada. Nikakutana na Frederic Bartlett, mwanasaikolojia wa Cambridge, mwaka 1932 alichapisha majaribio yake, anawapa watu hadithi ngeni waisimulie tena na tena baada ya muda, na kila wakisimulia wanaacha visivyoeleweka kwao na kuweka vilivyozoeleka, mtumbwi unageuka boti ya kawaida. Nikasema safi, sio mimi, ni ubongo. Halafu nikafika kwa Elizabeth Loftus na Jacqueline Pickrell, 1995. Hao waliwapa watu 24 visa vya utotoni mwao, vitatu vya kweli na kimoja cha uongo, eti ulipotea dukani ukiwa mdogo, na kama robo yao wakakikumbuka hicho cha uongo, wengine mpaka na maelezo ya ziada. Nilifurahi kweli. Mpaka nilipoona vile visa vitatu vya kweli walivitoa wapi: waliwauliza ndugu. Watafiti wazima, kabla hawajagusa kumbukumbu ya mtu, walianza na ndugu zake. Nikafunga kompyuta.

Na ule mlango uliokuwa unalia, binamu amenambia ulikuwa wa jirani. Wetu ulikuwa haulii kabisa.

Halafu msije mkaniambia hamu ya nyumbani haizuiliki. Najua haizuiliki. Huko Basel, Uswisi, mwaka 1688 mwanafunzi wa udaktari Johannes Hofer aliiandikia tasnifu nzima akiihesabu kama ugonjwa, akaeleza kuhusu kijana wa Bern aliyekuwa akisoma hapo Basel, hali mbaya, wakamsafirisha kwao, na akaanza kupata nafuu safari ilipoanza tu. Dawa aliyoipendekeza ni mgonjwa arudishwe kwao. Hakusema mgonjwa atafutiwe wasomaji.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na nitairudia mpaka moderator anifungie: kabla hujaandika chochote kuhusu nyumbani, mpigie aliyebaki. Na ukipiga usianze na "unakumbuka ile siku...", ukianza hivyo atakujibu unachotaka kusikia ili mmalize, watu wa nyumbani wana huruma. Muulize leo kukoje. Nani analala chumba chako, ile ngazi ya tatu nani aliitengeneza na lini, nini kimekatwa na kwa nini kimekatwa. Halafu ukishaandika msomee kwa sauti kabla hujarusha, sio umtumie link, msomee, utajisikia mwenyewe ulipodanganya maana ulimi utakuwa mzito. Akisema hapo toa, toa. Utapoteza mistari mizuri, wala sikudanganyi, mimi makala zangu za sasa zinasomwa na watu wachache sana na nusu yao nadhani wanakuja kuangalia kama nitaharibu tena.

Habari za safari hazina shida hiyo kivile, ukikosea jina la stesheni kuna msomaji amewahi kushuka pale atakusahihisha kabla ya chai. Ya nyumbani nani atakusahihisha? Wasomaji wako hawajawahi kufika, wanakuamini wewe. Anayejua ni yule mmoja uliyemtoa.

Jina tumia lako halisi. La kubuni litakupa ujasiri usioustahili.

Na ile aya ya mfano uliyoiweka, ya bibi yako kukaa dirishani peke yake kila jioni na barua zako mapajani, nzuri, nimeisoma mara mbili. Ila juu yake kidogo umesema mwenyewe bibi alikuwa hajui kusoma. Sasa barua alikuwa anasomewa na nani? Kuna mtu alikuwa amekaa pembeni yake hapo dirishani mkuu, mtafute, mpigie leo. Mambo ya picha wengine watakujibu.