Mwanangu, polisi ni wa nani?

Mwanangu Mwanaisha,

Ujumbe wako nimeusoma. Uliandika: "Mama, wewe sare ile uliivaa. Niambie, polisi wa Kenya ana kazi gani siku hizi? Na huyu Salim anayetaka kwenda usajili wa polisi, tumwache aende?" Nimeona nikuandikie, maana kwa simu tungekatizana.

Nianze na asili, kwa sababu mengi yanayokuudhi leo yalianzia huko. Hapa hapa Mombasa, mwishoni mwa miaka ya 1880, kampuni ya Waingereza ya Imperial British East Africa iliajiri askari wa kulinda maghala na bidhaa zake. Huko ndiko polisi wetu walikotoka. Jina la Kenya Police lilikuja 1920. Wale wa utawala, AP, chimbuko lao ni watu waliofuatana na machifu kukusanya kodi na kukamata waliokwepa. Vikosi vyote viwili viliundwa kumlinda mwenye mali na mwenye amri dhidi ya mwenyeji. Uhuru ulipokuja, wakubwa walibadilika lakini amri ziliendelea kushuka kwa njia ile ile. Bibi yako, akimwona askari anashika njia ya kwake, hakungoja kujua kumetokea nini. Aliwaita watoto waingie ndani.

Nilipohitimu chuo cha polisi cha Kiganjo, wanawake tulikuwa wachache na wengi wetu tuliwekwa ofisi ya ripoti. Wenzetu wa kiume waliiona kazi duni. Mimi niliipenda, na mpaka leo naamini upolisi wenyewe uko pale kaunta. Huyu anaingia ameibiwa ng'ombe, yule amepigwa na mumewe, mwingine mtoto wake hajarudi tangu jana. Unafungua OB, lile daftari la matukio la kituo, unaandika, unampa namba, na tangu hapo serikali ina deni kwake. Nililiona pia lililokuwa likiliua deni hilo, nalo ni simu. Simu inalia kwa mkubwa: fulani akamatwe, fulani aachiliwe, mkutano ule uvunjwe. Simu hiyo haiandikwi kwenye OB. Gari la kituo, na mara nyingi lilikuwa moja tu, lililokuwa liende kwa yule mama aliyepigwa, linageuzwa njia.

Baada ya uchaguzi wa 2007 nchi nzima iliyaona matokeo ya polisi wa namna hiyo. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu waliokufa katika ghasia zile 1,133, na 405 kati yao waliuawa kwa risasi. Ulikuwa bado shuleni, nadhani unakumbuka jinsi tulivyokaa bila kulala. Ikafuata kamati ya Jaji Philip Ransley mwaka 2009, ikatoa mapendekezo zaidi ya 200, na mengi yakaingia katika Katiba ya 2010 na sheria za mwaka uliofuata. Vikosi viwili vikawekwa chini ya Inspekta Jenerali mmoja. Ikaundwa IPOA, mamlaka ya raia ya kuwachunguza polisi, kitu ambacho enzi zetu hakikuwazika.

Lakini ukiniuliza mimi, kiini cha mageuzi yote ni Ibara ya 245, na nakuomba uisome. Inasema waziri anaweza kumpa Inspekta Jenerali maelekezo ya sera, tena kwa maandishi. Ila hakuna mtu yeyote anayeruhusiwa kumwelekeza juu ya uchunguzi wa kosa fulani, wala utekelezaji wa sheria dhidi ya mtu fulani, wala nani aajiriwe, apandishwe cheo au afutwe. Waliotunga ibara hiyo waliijua ile simu. Waliikata kwa sheria. Basi jibu la swali lako kisheria liko wazi: kazi ya polisi wa leo ni yule aliyesimama kaunta, na hakuna mkubwa mwenye haki ya kumruka.

Kwa vitendo bado hatujafika. Mambo mawili yananitia uchungu zaidi ya mengine yote, na la kwanza ni Shakahola. Watu wanapowasema polisi husema risasi na rungu, na ni haki yao. Mimi niliyeshika kalamu ya OB nawaza kutosikiliza. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu ule wa Kilifi kuanzia Aprili 2023, watoto wengi wakiwamo. Paul Mackenzie, mhubiri anayedaiwa kuwaambia wafuasi wake wafunge kula hadi kufa, hakuwa mtu aliyetokea gizani. Alikuwa ameshakamatwa na kushtakiwa miaka ya nyuma. Kamati ya Seneti iliyochunguza ilivilaumu vyombo vya usalama na vya sheria kwa kutochukua hatua mapema. Mwanangu, hapo hapakuhitajika kikosi wala gesi ya machozi. Alihitajika konstebo mmoja wa kumkalisha mtu chini, kuandika anachosema kuhusu jamaa yake aliyeingia msituni, na OCS, mkuu wa kituo, wa kufuatilia kesho yake, na kesho kutwa, mpaka apate jibu.

La pili unalijua, ulikuwepo Nairobi. Tarehe 25 Juni 2024 vijana waliandamana kupinga Mswada wa Fedha, Bunge likavamiwa, risasi zikapigwa. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilikuja kuhesabu waliokufa 60 katika maandamano ya mwaka ule, na watu kadhaa walichukuliwa majumbani na barabarani na wanaume wasio na sare, nyuso zimefunikwa. Siku hiyo hiyo polisi wetu 400 wa kwanza walikuwa wakitua Haiti kwenda kurudisha amani. Sitetei hata kidogo kilichofanyika. Afisa anayejificha uso anajua kwamba anachofanya hakiwezi kuandikwa kwenye OB. Sheria inataka kila anayekamatwa aambiwe sababu, na afikishwe mahakamani si zaidi ya saa 24. Ukimtoa mtu kwake usiku bila jina wala namba ya kazi, umeshauacha upolisi, hata kama mshahara wako unatoka serikalini.

Wewe na wenzako mnauliza kwa nini askari wanatii amri kama hizo. Ulilelewa laini, kwenye nyumba za polisi za kituoni, jibu unalo. Chumba kimoja familia mbili, pazia katikati, mtoto wa jirani akikohoa unaamka wewe. Mtu ambaye nyumba yake, uhamisho wake na cheo chake viko mikononi mwa mkubwa mmoja, hawezi kirahisi kumwambia mkubwa huyo kwamba amri yake ni haramu. Ndiyo maana sikushangilia sana sare ya buluu ya 2018, ingawa wengi waliizungumzia hiyo tu. Uamuzi wa maana mwaka ule ulikuwa wa kuwapa askari posho ya nyumba wakapange mitaani kama watu wengine. Askari anayenunua sukuma kwa mama yule yule unayenunua wewe huona vigumu kumpiga mwanawe. Kamati ya Jaji Mkuu mstaafu David Maraga nayo ilipendekeza 2023 mishahara ya askari wa chini iongezwe kwa hadi asilimia 40. Kila ninapoona jambo hilo linacheleweshwa nakasirika, kwa kuwa raia ndiye anayelipia, tena mara mbili.

Na kazi zenyewe zimezidi. Wizi wa pesa kwenye simu, picha za siri za wasichana zinazosambazwa, watu wanaougua akili wakiachwa mlangoni pa kituo kwa kuwa hospitali iko mbali. Haya yote yanakuja kwenye kaunta ile ile, na yanataka mtu aliyesoma, mwenye subira.

Sasa Salim. Ndiyo, aende. Ana huruma na ana mwandiko mzuri, na nisingependa kazi hii iachiwe wanaotaka bunduki peke yake. Ila baba yake asiuze kile kiwanja. Nimesikia kuna mtu anazungukazunguka akiahidi nafasi kwa pesa. Mwaka 2014 IPOA ilikwenda mahakamani kwa sababu ya hongo, na Mahakama Kuu ikafuta usajili wa makurutu 10,000. Waliolipa walipoteza pesa na nafasi pia. Anayenunua kazi, siku ya kwanza barabarani ataanza kuzirudisha pesa hizo kutoka kwa madereva wa matatu. Mwambie aje kwangu Jumamosi na vyeti vyake vya asili, na aje na Katiba. Nataka tusome pamoja kuanzia Ibara ya 243 hadi 247, na aniulize lolote.

Nisalimie wajukuu.

Mama yako